Buku Moja Si Dau Dogo

Kuna hekima ya kijiweni ambayo imekaa muda mrefu bila kujibiwa sawasawa, na wengi waliojaribu kuijibu wameijibu vibaya. Inasema hivi: mjinga huweka laki nzima kwenye mechi moja, mwenye akili huweka buku, yaani shilingi elfu, akachagua timu kumi na tano za uhakika, akaenda zake kulala. Mkeka, yaani beti hiyo moja ya timu zote, ukichanika, kapoteza hela ya chai na chapati. Ukitiki, kapata mtaji wa bodaboda. Hekima hiyo ina viambatanisho viwili. Cha kwanza, kwamba anayeujua mpira ana nafasi kuliko asiyeujua. Cha pili, kwamba anayeliwa kila wiki ama ana nuksi ama kaibiwa, kwa sababu “hawa jamaa wanapanga mechi”.

Nayapinga yote matatu. Mkeka mrefu wa dau dogo ni bidhaa ghali kuliko zote zinazouzwa kwenye duka la kubeti. Ujuzi wa mpira, kwa kiwango tulicho nacho sisi wasikilizaji wa redio na wakaaji wa vibanda umiza, haubadilishi hesabu. Na kampuni haina haja ya kukuibia gizani, maana inapata chake mchana kweupe, kwenye namba zilizochapwa juu ya karatasi uliyoishika mkononi.

Waliojibu vibaya ni wale wanaoanza na kumaliza kwa kusema kubeti ni uvivu, ni dhambi, ni vijana kukosa maadili. Sheikh na mchungaji wana haki ya kusema yao, tena kwa msingi wao. Lakini kijana anayechora mkeka hajioni mvivu hata kidogo. Anasoma takwimu saa mbili, anajua nani kaumia na nani ana kadi tatu za njano, anafuatilia ligi ya Uturuki ambayo hata mchambuzi wa televisheni haifuatilii. Ukimwita mvivu anakucheka, na ana sababu ya kucheka. Kosa lake liko kwenye bei, na bei hakuna aliyemfundisha kuisoma.

Odi ni bei. Wengi huisoma kama ahadi ya malipo tu: 1.80 maana yake ukiweka 10,000 utachukua 18,000. Hiyo ni nusu ya habari. Gawanya 1 kwa 1.80, unapata kama 0.556. Kwa hiyo ili usile hasara kwa bei hiyo, timu uliyoichagua lazima ishinde zaidi ya mara 55 katika kila mechi 100 zinazofanana na hii. Odi ya 1.25 inadai mara 80. Odi ya 2.00 inadai mara 50. Odi ya 1.10, ile tunayoiita ya bure, inadai mara 91. Ukiisoma hivyo, swali la “nani atashinda?” linakufa palepale. Kila mtu anajua nani anatarajiwa kushinda. Linabaki swali gumu zaidi: atashinda mara nyingi kuliko bei inavyodai?

Sasa chukua mechi nzima. Mwenyeji 1.80, sare 3.40, mgeni 4.20, ni odi ambazo ukifungua simu Jumamosi yoyote hutakosa kukutana na za aina yake. Gawanya 1 kwa kila moja: asilimia 55.6, 29.4 na 23.8. Jumlisha. Unapata 108.8. Mechi ina matokeo matatu tu, na uwezekano wake wote kwa pamoja hauwezi kuzidi 100. Hiyo 8.8 ya ziada imetoka wapi? Imewekwa na muuzaji.

Huhitaji kuniamini. Weka 5,556 kwa mwenyeji, 2,941 kwa sare na 2,381 kwa mgeni. Umetoa jumla ya 10,878. Ashinde nani, utalipwa 10,000. Umebeti kwa uhakika wa asilimia mia, umeshinda bila wasiwasi, na bado umeacha 878 kaunta. Mwamuzi hakuhongwa, kipa hakuuza mechi, na wewe hukukosea utabiri. Kwa odi hizi, katika kila shilingi 100 zinazoingia, kwa wastani 92 hivi hurudi kwa wachezaji na 8 hubaki.

Hapa ndipo hoja ya kupangwa inapokosa miguu. Mtu anayevuna 8 katika kila 100 bila kujali nani kafunga ana sababu gani ya kutafuta kipa wa kumhonga? Mechi za kupangwa zipo, sikatai. Mwaka 1980 Italia iliwashusha daraja Milan na Lazio kwa kashfa ya dau haramu, na mshambuliaji Paolo Rossi akafungiwa, akarudi kabla tu ya Kombe la Dunia la 1982 na kuwa mfungaji bora. Lakini tazama nani waliotoboa siri: wafanyabiashara wawili wa Roma waliokuwa wamewalipa wachezaji na kuweka dau, wakaenda kulalamika kwa sababu matokeo mengi hayakutoka kama walivyoahidiwa. Walinunua mechi kutoka kwa wachezaji wenyewe, na bado wakaliwa. Kumbuka hilo siku mtu wa Telegramu atakapokuuzia “fixed” kwa elfu ishirini. Na mechi ikipangwa kweli, anayetakiwa kulipa ushindi ule ni kampuni, ndiyo maana kampuni hizo ni miongoni mwa wanaonunua huduma za kunusa dau za kutia shaka.

Basi asilimia 8 si nyingi, utasema. Duka la jumla nalo lina faida yake. Kweli, kama ungeishia kwenye mechi moja. Balaa linaanza unapounganisha.

Fikiria una shilingi na unaingia kwenye duka la kubadilisha fedha. Unanunua dola, dirisha linabaki na kidogo. Kwa dola hizo unanunua pauni. Linabaki na kidogo tena. Pauni unaigeuza euro, euro unaigeuza randi, na mwisho unarudi kwenye shilingi. Kila dirisha limekata kipande chake kutoka kwenye kile kilichosalimika dirisha lililotangulia. Mkeka ni safari hiyo. Odi za timu zinazidishwa, na ile nyongeza ya muuzaji iliyomo ndani ya kila odi inazidishwa nazo. Mechi moja hukurudishia, kwa wastani, 92 katika kila 100. Mechi tano hukurudishia 66. Mechi kumi, 43. Mechi kumi na tano, 29. Ukifika timu ishirini, kwa wastani hurudi 19 tu, na 81 zimekwenda. Nasema kwa wastani kwa sababu mtu mmoja mmoja hapati wastani: wengi wanapata sifuri, wachache wanapata kitita, na vyote hivyo vikichanganywa hutoka hizo 19.

Turudi kwa yule mjinga wa laki na yule mwenye akili wa buku. Mwenye akili anachora mkeka mmoja kila siku, timu kumi na tano, kila moja kwa odi ya 1.40. Zidisha: malipo ni kama 155,000 kwa buku moja. Yanapendeza. Ila kwa bei zenye nyongeza niliyoonyesha, kila timu ya 1.40 ina nafasi ya kweli ya kama asilimia 66, si 71 inayodaiwa, na mkeka mzima utatiki mara moja katika mikeka 540 na ushee. Buku kila siku, mwaka mmoja na nusu. Kufikia siku ile ya furaha atakuwa ametoa zaidi ya 540,000 ili apokee 155,000. Huo ndio mtaji wa bodaboda.

Yule mjinga tuliyemcheka, akizungusha fedha zilezile mechi moja moja, kwa wastani atapoteza kama 43,000. Simsifu. Laki yake inaweza kuondoka yote kwa dakika tisini, na kodi ya nyumba haisubiri wastani. Lakini kwa upande wa bei, yeye ananunua kwa muuzaji yuleyule kwa gharama ambayo ni kama sehemu moja ya tisa ya anayoilipa mwenye akili. Udogo wa dau umemficha mwenye buku asione kwamba kati ya hao wawili, anayelanguliwa ni yeye. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, ila hapa kibaba ni cha mwingine.

Ukitaka ushahidi kutoka kwa kampuni yenyewe, tazama bonasi zake. Timu tatu hupewi kitu, au unapewa kidogo. Timu kumi, nyongeza nono. Timu ishirini na zaidi, nyongeza ya kukutoa udenda. Mfanyabiashara gani humwongezea zawadi mteja anayemtia hasara? Ongeza timu, inakusihi, kwa sababu kila timu unayoongeza inaipa dirisha jingine la kukata. Na kuna sharti dogo chini: kila timu iwe na odi isiyopungua kiwango fulani, maana yake huruhusiwi hata kuujaza mkeka kwa zile za 1.05.

Wenye msimamo mkali watasema: wewe umechukua odi za 1.40, sisi tunachukua za uhakika kabisa. Haya, niwe mkarimu. Timu kumi, kila moja odi 1.25, na nikubali kwamba kwa timu kubwa nyongeza ya kampuni ni ndogo, tuseme asilimia 5 tu badala ya 8. Ukarimu huu una msingi. Wachunguzi wa dau wameandika tangu katikati ya karne iliyopita kwamba mteja hulanguliwa zaidi kwenye odi kubwa kuliko ndogo. Basi kila timu ina nafasi ya kweli ya asilimia 76. Mkeka wa kumi unalipa mara 9.3. Utatiki mara ngapi? Asilimia 6.4, mara moja katika kila mikeka 15 au 16. Ukichora mmoja kila wiki kwa buku, mwaka mzima utatoa 52,000 na kwa wastani utapokea kama 31,000. Ongeza bonasi ya asilimia 30 juu ya faida, bado unapungukiwa kama 12,500. Hizo ndizo timu za uhakika.

Na ndani ya mkeka huohuo kuna jambo ambalo nadhani ndilo linalowashika watu kuliko tamaa. Uwezekano wa timu tisa kushinda na moja tu kukataa ni asilimia 20. Kila mikeka mitano, mmoja utachanwa na timu moja. Linganisha: kutiki ni asilimia 6.4, kukosa kwa timu moja ni asilimia 20, mara tatu zaidi. Kwa hiyo maisha ya mchora mikeka yamejaa stori za “Arsenal tu, kaka, Arsenal tu ndiyo imenichania”. Anaamini yuko karibu. Anaamini angekuwa makini kidogo, angemwacha huyo mmoja, na wiki ijayo atakuwa makini. Kumbe kukosa kwa timu moja ni matokeo ya kawaida kabisa ya mkeka wa kumi, kama mvua ya Aprili. Hakumwambii chochote kuhusu ustadi wake. Malipo ya timu tisa kati ya kumi, kwenye mkeka wa kawaida, ni sifuri, sawasawa na ya timu tatu kati ya kumi.

Nije kwenye ujuzi wa mpira, maana hapa ndipo ugomvi huwa mkali. Hoja yao: mimi najua mpira, na kampuni haiwezi kujua ligi zote kama ninavyoijua hii yangu. Kampuni nyingi hazijui mpira wowote, ni kweli. Hazihitaji. Zinanunua odi kutoka kwa kampuni za takwimu, kama Sportradar ya Uswisi, ambazo kazi yake ni kukusanya habari za mechi, kuzitia kwenye kompyuta na kutoa bei, kisha kuirekebisha kila habari mpya inapoingia na kila fedha inapoelemea upande mmoja. Unaposikia redioni asubuhi kwamba mshambuliaji kaumia goti, bei imeshasogea. Wewe na mamilioni ya wengine mmeisikia habari ileile, na habari inayojulikana na wote imeshaingia kwenye odi. Unajua kwamba Simba akicheza na timu inayopigania kutoshuka daraja atashinda. Na muuzaji anajua, ndiyo maana amekupa 1.10. Ujuzi wako ni wa kweli, ila umeshalipiwa.

Je, hakuna anayeshinda duniani? Wapo, na ni vizuri kuwataja, kwa sababu hoja yangu si kwamba haiwezekani. Tony Bloom, mwenye Brighton, na Matthew Benham, mwenye Brentford, walitajirika kwa kubeti kabla ya kumiliki klabu za Ligi Kuu ya Uingereza. Lakini angalia walivyobeti. Kila mmoja ana kampuni, Starlizard ya Bloom na Smartodds ya Benham, zenye wanahisabati wa kutengeneza bei yao wenyewe, kuilinganisha na ya soko, na kununua pale tu muuzaji alipokosea. Husikii wakisifiwa kwa mkeka wa timu kumi na tano. Wanatafuta tofauti ya asilimia mbili tatu, mara maelfu, kwenye masoko yanayokubali dau kubwa kwa nyongeza ndogo. Biashara hiyo na ya kwako zinafanana jina tu.

Na hata ukiiweza, hutaachwa uifanye. Mwaka 2017 mtafiti Lisandro Kaunitz na wenzake wawili walichapisha utafiti wao: badala ya kutabiri mpira, walilinganisha odi za kampuni nyingi na kubeti pale ambapo moja ilitoa bei iliyopitiliza wastani wa wengine. Walijaribu kwa takwimu za miaka kumi, kisha kwa fedha za kweli, wakapata faida. Baada ya miezi michache kampuni zilianza kuzibana akaunti zao, nyingine zikikubali dau dogo tu kutoka kwao. Hawakuvunja sheria wala kughushi kitu. Walinunua kwa bei iliyotangazwa. Kwa hiyo ukiona kampuni haijawahi kukubana, inakutumia ujumbe wa heri siku ya kuzaliwa na kukupa beti ya bure kila Ijumaa, usijione mteja mwenye bahati. Imeshakupima.

Wauza utabiri wa mitandaoni sitawapa nafasi kubwa. Mwenye kujua matokeo ya kesho hahitaji elfu kumi yako. Ujanja wao mkongwe ni huu: mechi moja inatumwa kwa watu 1,600, nusu wanaambiwa timu fulani itashinda, nusu wanaambiwa haitashinda. Waliopata vibaya wanaachwa. Mara ya pili wanabaki 800, kisha 400, kisha 200, na baada ya mechi nne kuna watu 100 wanaoapa kwamba wamempata nabii. Wengine hawauzi utabiri kabisa: wanakupa kiungo cha kujisajili, na kwa mikataba ya kugawana mapato inayotumika sana kwenye biashara hii, hulipwa sehemu ya fedha unazopoteza. Mshauri wako anakula ukiliwa.

Jakipoti nayo ina sifa zake. Mei 2017 mkazi mmoja wa Nairobi alibashiri mechi zote 17 za jakipoti ya kampuni ya SportPesa na kuchukua shilingi milioni 221 za Kenya. Picha zake zilienea Afrika Mashariki nzima, na alistahili furaha yake. Mechi 17 zenye matokeo matatu kila moja zinatoa njia 129,140,163 za kujaza karatasi. Hata ukiwa mjuzi wa kupata mechi nne katika kila kumi, na jakipoti huchaguliwa mechi ngumu makusudi, nafasi yako ni moja katika milioni 5.8. Kati ya hao mamilioni, mmoja anapigwa picha. Wengine wote hawaonekani popote kwa sababu hakuna mpiga picha anayetumwa kwa aliyekosa.

Kuna mkono wa tatu mfukoni mwako, nao ni wa serikali. Huu hauonekani kwenye odi kabisa. Kenya imebadilisha ushuru wake karibu kila mwaka: asilimia 20 ya dau mwaka 2019, ikafutwa 2020, ikarudi kwa 7.5 mwaka 2021, na kwa Sheria ya Fedha ya 2023 ikapanda hadi 12.5, huku ushindi ukikatwa asilimia 20. Fanya hesabu ya mwaka ule. Shilingi 100 ikikatwa ushuru wa dau, ikawekwa kwenye odi ya 1.80, ikashinda, faida ikakatwa tena, mkononi mwako inabaki karibu 144. Odi iliyoandikwa ilikuwa 1.80, uliyolipwa kwa hakika ni 1.44, bei inayodai timu yako ishinde mara 69 au 70 katika 100, wakati hata kampuni yenyewe haikudai zaidi ya 56. Tanzania nayo hukata kodi kwenye ushindi, na kiwango chake kimepanda na kushuka kwa sheria za fedha za miaka ya karibuni. Tunaambiwa kodi hizo ni za kuwakinga vijana. Sijaona kinga. Naona bei imepanda na aliyeipandisha amegawana na muuzaji.

Hoja moja ya upande wa pili naiheshimu. Inasema: bia nayo ni hela, na tiketi ya uwanjani nayo ni hela, buku yangu inanunulia Jumamosi nzima ya msisimko, na sikuweka nikitegemea kutajirika. Aliyesema hivyo kwa dhati simbishii. Amenunua burudani na anajua imekwenda. Nina ombi moja kwake: aitazame kama mlipaji wa bia anavyoitazama bia. Mnywaji anajua chupa ni kiasi gani. Mchora mkeka wa timu kumi na tano hajui kwamba katika buku yake zaidi ya shilingi 700 ni gharama ya msisimko, na kwamba msisimko huohuo angeupata kwa mechi mbili kwa gharama isiyofika 160. Na ipo alama moja ya kumjua anayedanganya nafsi yake. Mnunuzi wa burudani hafukuzi hela iliyopotea. Hakuna anayekunywa bia ya pili ili airudishe ya kwanza.

Ninalodai halihitaji kumfungia mtu duka. Julai 2019 Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, mashirika makubwa yakafunga, wadhamini wakaondoka kwenye mpira, na baada ya muda kubeti kukarudi pale pale, kwa sababu mahitaji hayakuondoka. Uingereza, klabu za Ligi Kuu zilikubaliana Aprili 2023 kuondoa kampuni za kamari kifuani mwa jezi kuanzia msimu wa 2026/27. Hatua nzuri kwa macho ya watoto, lakini haimwambii mtu mzima bei ya anachonunua. Kwetu jezi bado zinatangaza kubeti, na sitegemei Simba na Yanga kukataa fedha hizo.

Ninachodai ni maandishi. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania ndiyo inayotoa leseni, na Kenya na Uganda wana mamlaka zao. Kila mkeka, wa karatasi au wa simu, kabla mteja hajabonyeza kitufe cha kuthibitisha, uonyeshe namba mbili kwa herufi kubwa kama zile za “unaweza kushinda”. Ya kwanza: nafasi ya mkeka huu kutiki kwa makadirio ya kampuni yenyewe. Ya pili: katika kila shilingi 1,000 zinazowekwa kwenye mikeka ya namna hii, shilingi ngapi hurudi kwa wachezaji baada ya kodi. Kampuni inazo hesabu hizo, zake au za anayeiuzia odi. Bila hizo odi wala bonasi zisingepangika. Kazi ya kuzionyesha ni ya mchana mmoja kwa fundi wake wa programu.

Wabunge, Juni mtakapokaa tena kupitisha sheria ya fedha na kifungu cha kubeti kikafika mezani, acheni kidogo kubishana juu ya asilimia ya serikali. Wekeni kwanza sharti hilo la namba mbili.